Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kazi ya Mkaa Mbadala

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, kwa hiyo mimi nitazungumzia kazi yenyewe ya kutengeneza mkaa kwa pumba za mpunga na magunzi badala ya miti, na zaidi jambo moja ninaloomba mliamue leo kabla hatujatawanyika: kibanda cha kukaushia.

Malighafi haikutusumbua mwaka huu. Hapa Ifakara pumba za mpunga zinarundikana nyuma ya mashine za kukoboa hadi wenyewe wanazichoma ili kupata nafasi, na magunzi tunayapata kwa wakulima wakishapukuchua mahindi. Faida kubwa tumeipata kwenye kuchanganya. Pumba ina silika nyingi, yaani madini yasiyoungua. Ikiungua huacha majivu karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, ndiyo maana mkaa wa pumba tupu huwaka kinyonge na kujaza jiko. Magunzi huacha majivu kidogo sana. Tangu tuzidishe magunzi, mama lishe wa sokoni wameacha kutulalamikia kuhusu maharage yasiyoiva. Wapo waliopendekeza tuongeze udongo ili mkaa uwe mzito kwenye mizani. Kamati imekataa, nami nasimama na kamati. Udongo hauungui, na mama yule anauziwa kitu cha kumwaga jalalani.

Wenzetu wa zamu ya kuchoma wamelimudu vizuri pipa la kuchomea malighafi iwe mkaa, na wanastahili pongezi. Moshi mzito mweupe ni maji yanayotoka. Ukishakuwa mwepesi, wenye rangi ya samawati, ndipo pipa linafunikwa na kuzibwa kwa tope kuzunguka mdomo. Ukichelewa unakuta majivu. Ukiwahi, magunzi yanabaki hayajaiva, na moshi wake atauvuta mteja jikoni kwake.

Sasa kukausha. Gundi yetu ni uji wa wanga wa muhogo, na kuvu nayo inaupenda. Mvua za Machi hadi Mei zilipokaza, mkaa ulilala chini ya maturubai bila jua wala upepo, ukaanza kunuka uchachu. Mzigo wa shule moja ulirudishwa. Nilivunja kipande kimoja mbele ya kamati: nje kikavu kabisa, ndani kimelowa hadi kidole kinazama. Magunia yale tuliyatoa yote, tukasaga na kushindilia upya, na nguvu za watu zikapotea bure.

Najua wapo wanaotaka akiba yetu inunue mashine ya pili ya kushindilia, na hoja yao ina uzito. Serikali ilizipa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 hadi Januari 31, 2024 ziwe zimeachana na kuni na mkaa wa miti, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Soko lipo, sibishi. Lakini mashine ya pili itatuongezea mkaa mbichi ambao hatuna pa kuuanika, na shule iliyorudisha mzigo mara moja haitapokea wa pili.

Kibanda ninachokiombea ni cha kawaida: nguzo za miti, paa la nailoni inayopitisha mwanga, pande wazi ili upepo upite, na vichanja vya wavu ngazi kwa ngazi. Kikisimama, gunia lisitoke mpaka vipande vimepimwa siku mbili mfululizo na uzito usibadilike. Kipimo hicho kinahitaji mizani tu, nayo tunayo.

Kuna jambo la usalama pia, na hili linanikosesha usingizi. Mkaa wetu ukikauka vizuri hautoi moshi, hivyo watu wanadhani unaweza kuachwa ukiwaka chumbani usiku. Mkaa wowote unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inaua. Kila anayeuza, awe sokoni au kwa wafuga vifaranga, amwambie mnunuzi kwa mdomo wake kwamba jiko hili si la kulala nalo ndani. Tusitegemee maandishi kwenye mfuko peke yake.

Mchoro na makadirio ya gharama za kibanda viko mezani kwa katibu. Naomba kila mmoja avipitie wakati wa chai, kisha tupige kura kwa kunyoosha mikono. Mkiridhia, fundi aanze Januari ili paa liwe juu kabla ya Machi. Mhazini, karibu usome hesabu.