Kijana kafia mlimani, bosi kaleta mchele

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kijana wa mtaani kwetu hapa Kigoma kafia mlimani akichimba mawe ya kokoto, mwamba umemfunika. Msibani watu wanasema mipango ya Mungu, sawa, lakini pale wanachimbua chini kwanza kwa mtaimbo maana ndo rahisi, jiwe la juu linabaki linaning'inia, mvua ikinyesha udongo unalegea na kinachofuata kila mtu anakijua, na bado asubuhi bosi anawapandisha vijana na ndala zao, helmeti hakuna, mkataba hakuna, malipo kwa tripu ya lori. Kuchimba kuanzia juu kushuka, mwamba ukikatwa kama ngazi, ndo salama ila kunachelewesha, na tajiri hapendi kuchelewa.

Kaleta gunia la mchele na sanda kaona kamaliza. Kumbe Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo toka 2008, mfuko wake wa fidia, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, na unasaidia mpaka mazishi na wategemezi. Mama wa marehemu nani kamwambia? Na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, nao wapande huku milimani, wasiishie viwandani.

Msomaji wenu, Kigoma