Chupa ya CBD haimlindi dereva

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa nyumbani wanaokuja Marekani kuendesha malori, na ndugu zangu wanaoniomba niwaletee "yale mafuta ya mgongo", yaani matone ya CBD, kemikali ya bangi isiyolevya.

Mimi ni mtu wa Korogwe, naishi Columbus, Ohio. Mwaka 2019 niliumia nikifunika mzigo wa mbao. Turubai lile lina zaidi ya kilo 40, na siku hiyo lilikuwa limelowa mvua. Kiuno kililia ko! Maumivu yakashuka mguu wa kushoto hadi kisigino. Daktari akanipa hydrocodone, dawa kali ya maumivu inayoweza kumfanya mtu awe mtegemezi. Yalipungua, sikatai. Lakini choo kiligoma siku nne, na kufika wiki ya tano nilikuwa naamka alfajiri na kukodolea saa macho, nikisubiri kidonge cha saa mbili. Mke wangu ndiye aliyeanza kuvihesabu. Tukarudi kwa daktari, akanipunguzia kidogo kidogo mpaka nikaacha.

Ndipo nikageukia CBD. Baada ya sheria ya Desemba 2018 kuruhusu zao la bangi lenye THC (kemikali ya bangi inayolevya) isiyozidi asilimia 0.3, matone hayo yalikuwa yanauzwa hata vituo vya mafuta, kando ya chaja za simu. Nililipa dola 60. Yana ladha ya majani mabichi. Nililala vizuri zaidi, ingawa wakati uleule nilikuwa nimeanza mazoezi ya viungo, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni matone. Dawa ya CBD iliyoidhinishwa hapa mwaka huo wa 2018, Epidiolex, ni ya kifafa, si ya maumivu.

Kilichonisimamisha ni yaliyompata dereva mwenzangu wa Eldoret, naye akitumia matone hayo. Aliitwa ghafla kupimwa mkojo, ikaonekana THC. Bangi hajawahi kuvuta. Nilikaa naye jikoni kwake, chupa katikati ya meza, kidole chake kikipita juu ya maandishi "THC 0%" kama anayemfundisha mtoto kusoma. Daktari wa kuhakiki majibu hakutaka hata kuiona. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilishatangaza Februari 2020 kwamba CBD si utetezi kwa dereva, na tangu Januari mwaka huo jina la aliyeshindwa kipimo linaingia kwenye rejista ambayo waajiri wote huipitia. Alikaa miezi saba bila usukani, na karo za watoto wake zikakwama. Aliyebandika lebo ile hajalipa hata senti. Hilo linaniuma mpaka leo, maana si jambo jipya: mwaka 2017 watafiti walichunguza bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni, wakakuta THC katika 18.

Vijana, mgongo ukiuma, mwambieni daktari kwamba mnaendesha lori kabla hajashika kalamu. Mimi niliachana na maturubai, sasa navuta makontena yaliyofungwa, na kila nikiegesha najinyoosha dakika 20.

Ndugu zangu, sitaileta. Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2015 ya dawa za kulevya haichezi na bangi, na mwenye kushikwa na chupa uwanja wa ndege nitakuwa mimi. Na wewe mjomba unayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, CBD inaweza kuizidishia nguvu ukavuja damu ndani kwa ndani. Hela ya kliniki nimeshakutumia. Nenda Jumatatu, umwoneshe daktari huo mguu.

Dereva wa Korogwe,
Columbus, Ohio