Kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja

Mhariri,

Mjukuu wangu alitimiza mwaka na nusu mwezi uliopita, nikampeleka kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Mamake yuko kazini, na kijitabu cha kliniki hukaa kwangu, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Tulifika kabla ya saa mbili. Saa nne nesi akatwambia, kwa adabu kabisa, "Nyanya, leo watoto ni watatu tu. Rudini Alhamisi."

Shida yake naijua. Dawa hiyo huja ya unga, kichupa kimoja dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake ina saa 6 tu, kisha inayobaki hutupwa. Nesi anaogopa kuulizwa dozi 7 zimekwenda wapi, kwa hivyo anasubiri watoto wajae. Lakini Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema kichupa kifunguliwe hata akija mtoto mmoja. Dawa iliyomwagwa huagizwa nyingine. Mama aliyerudishwa, nani atamfuata kwake?

Tulikuwa na msichana mmoja anayeuza viazi karai, amefunga biashara asubuhi ile ili aje. Akanyanyuka, akamfunga mwanawe mgongoni kwa leso, akanambia: "Nyanya, si ameshachomwa ya miezi tisa? Hiyo yatosha."

Haitoshi. Katika kila watoto 100 wanaochomwa ile ya kwanza, kama 15 hivi miili yao haishiki kinga, na kwa macho huwezi kuwajua. Ya miezi 18 ndiyo inayowaokota hao. Shurua, kama tuitavyo sisi wazee, si vipele tu. Huleta nimonia, huharibu macho, na humwacha mtoto bila nguvu ya kupigana na maradhi mengine kwa miezi mingi. Wazazi wa leo hawajaiona, ndio maana hawaiogopi.

La kunishangaza ni kwamba wengine wanaoiruka hii ya bure wanahangaika na za kulipia. Mkazamwanangu alirudi na orodha kutoka hospitali ya kibinafsi: tetekuwanga, matumbwitumbwi, homa ya ini aina ya A, mafua. Jumla yake, Mhariri, ni kodi ya chumba. Sizibezi. Tetekuwanga kwa mtoto mara nyingi hupita kwa muwasho na kalamaini, lakini ikimpata mtu mzima au mja mzito ni balaa, na mwenye nafasi na amchanje mwanawe. Kwa mtoto mwenye pumu au maradhi ya moyo, ningeitanguliza ya mafua. Asiye na uwezo naye asilale akijiona amemdhulumu mtoto, maadamu kijitabu kimejaa: ile ya mkononi ya kifua kikuu na matone ya polio ya kuzaliwa, za wiki 6, 10 na 14, za miezi 9 na 18, kisha ya saratani ya mlango wa kizazi binti akifika miaka 10.

Na kabla hujatoa pesa, uliza kwanza kliniki ya serikali. Ya nimonia iliingia kwenye chanjo za bure mwaka 2011, ya kuhara kunakoletwa na virusi vya rota mwaka 2014. Julai 2025 ikaanza ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, nasi huku tunakunywa maji ya visima na ya mikokoteni. Najua mzazi aliyekuwa bado anapanga kuinunua.

Ombi langu kwa idara ya afya ya kaunti ni dogo. Wauguzi waandikiwe wazi kwamba dozi zinazomwagwa kwa sababu hii hawataulizwa. Na ukutani pabandikwe karatasi ya Kiswahili: hizi ni za bure, hizi ni za ziada, na za ziada zinamfaa nani.

Alhamisi tulirudi, watoto walikuwa wanne. Nilikaa pale pale kwenye benchi mpaka kichupa kikafunguliwa. Yule msichana wa viazi karai sikumwona.

Nyanya wa wajukuu watano,
Kisauni, Mombasa