Ami yako ametoka kwenye kundi

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Huku sote wazima. Presha ya mama yako imetulia, na karafuu mwaka huu si haba, majamvi yamejaa mpaka njiani, gari zikipita zinabana pembeni. Barua hii nimempa kijana wa jirani anayekuja huko Maskati. Nilitaka kuyaandika haya kwa kalamu, uyasome peke yako, bila ya watu 63 kutuchungulia.

Ijumaa usiku nilikuwa nimekaa barazani na simu, nikayaona uliyomwandikia ami yako kwenye kundi la ukoo. "Wewe na wenzako mmeuza nchi kwa sahani ya pilau." Kwenu ilikuwa saa saba na robo usiku, kwetu saa sita na robo. Nikawahesabu waliobandika vikaragosi vya kucheka: 14. Mmoja wao ni mtoto wa shangazi yako, yule anayelipiwa skuli na huyo huyo ami. Hazikupita dakika kumi yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu katikati ya kioo: ametoka. Hakuaga, hakujibu. Mimi namjua mdogo wangu. Ni mtu wa maneno, hata akiumwa jino anasema. Kunyamaza namna ile nilimwona nako siku tuliyomzika baba yetu, basi.

Sikwambii usibishane siasa. Nani Pemba atamwambia mwanawe hivyo akaaminika? Umekulia nyumba ambayo siasa inaliwa na muhogo asubuhi. Na kwenye hilo la uchaguzi mlilokuwa mkibishania, nakubaliana nawe karibu yote. Kura yangu naijua mimi na Mola wangu, na nadhani na wewe unaijua. Ungeishia kwenye ile hoja yako ya daftari la wapiga kura ungekuwa umesema jambo la maana, na ami yako angehangaika kulijibu.

Lakini hukuishia hapo. Ukaleta picha. Ukaandika juu yake: "Pemba, jana." Ami yako akajibu mstari mmoja: "Gari hiyo namba yake inaanza na T. Zetu zinaanza na Z." Mtu ameshika usukani miaka thelathini, anaangalia namba kabla ya kumwangalia dereva. Nami nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikavaa na miwani: T. Picha ya bara, ya mwaka gani Mungu ndiye ajuaye. Ulichotakiwa kuandika ni "kweli ami, nimeteleza," mkaendelea na mambo yenu. Wewe namba ya gari ukaijibu kwa pilau.

Na kuna jingine ambalo ukiwa huko huliwazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika Zanzibar kama inavyofika bara, na kifungu chake cha 16 kinahusu taarifa za uongo. Sheria yenyewe siipendi, ina meno mapana, inaweza kumuuma hata msema kweli. Ipinge ukitaka, nitakuunga mkono. Lakini picha ile uliileta wewe ulioko Maskati, na walioisambaza ni watoto wa hapa Wete, wasio hata na pasipoti. Nimemwambia mtoto wa shangazi yako aifute. Alikuwa ameshaipeleka makundi matatu.

Sasa nikwambie jambo ambalo mama yako analijua na wewe hulijui.

Oktoba 1995, uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi viliporudi, tume ilimtangaza Salmin Amour wa CCM mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, 49.8. Viti vyote 21 vya Pemba vilikuwa vya CUF. Tuliamini tumedhulumiwa, na mpaka leo hajatokea mtu akanitoa kwenye imani hiyo. Watu wakafukuzwa kazi, wengine wakatiwa ndani. Sisi tusio na polisi wala mahakama tukalipiza kwa tulichokuwa nacho, tukawagomea majirani zetu wa CCM. Dukani kwao hatununui. Gari yao hatupandi. Harusi yao hatuli. Walikuwepo walioacha wake zao kwa sababu ya kadi ya chama, na wala sitii chumvi. Kisha tukafika kwenye maziko.

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, aliyenishika mkono nikaandika alifu ya kwanza, alikuwa mtu wa chama cha Afro-Shirazi tangu enzi hizo, CCM ilipokuja akaingia nayo. Alifariki masika ya 1996. Unajua kwetu jeneza linavyokwenda: halikai begani kwa mtu, hatua tatu umeshapokonywa, kila mmoja anataka sehemu yake ya thawabu. Mimi siku ile nilikuwa dukani, mlango nimeuegesha. Nikaliona linapita. Watu sita. Wanne wamebeba, wawili wanafuata nyuma wakisubiri zamu, na walipofika mbele ya duka langu wakasimama kwenye tope kubadilishana mabega kwa kuwa walikuwa wamechoka. Mmoja wa wale sita ni ami yako. Akageuza shingo akaniangalia.

Nikajifanya napima sukari. Dukani hakuna mteja hata mmoja. Nikachota kilo, nikaimimina kwenye mfuko, nikairudisha kwenye gunia, nikachota tena, mpaka jeneza likapinda kona ya mskitini.

Baada ya hapo tulikaa miaka miwili na ushei hatusemeshani, mimi na ndugu yangu wa tumbo moja, nyumba zikiwa zimepakana kwa ua wa makuti. Bibi yako ndiye aliyekuwa akipitisha sahani huku na huku. Alikuwa hasemi kitu. Anaweka sahani, anaondoka.

Wakubwa wa vyama walipatana. Wakapatana 1999, ikavunjika. Ikaja Januari 27, 2001, polisi wakawapiga risasi waandamanaji hapa hapa Wete na Chake na Micheweni, watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Siku hizo nisikuhadithie, nitakuhadithia ukija. Oktoba mwaka huo huo wakatia saini muafaka mwingine. Halafu Novemba 5, 2009, Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wakakutana Ikulu, tukaletewa picha wamekaa pamoja wanacheka. Julai 31, 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 tukasema ndiyo, wakaingia serikali moja. Nami nilisema ndiyo, na nilifurahi, wallahi nililia. Lakini jioni ile narudi nyumbani nikakutana na mtoto mkubwa wa mwalimu wangu, amebeba ndoo, na nikatafuta salamu ya kumpa nikaikosa. Wale walikuwa na Ikulu ya kukutania na wapiga picha wa kuwashuhudia. Sisi tuliosusiana sukari na majeneza tukutanie wapi? Ilinichukua mpaka mwezi wa Ramadhani kwenda kwake, na nilipokwenda nilibeba tende, kama mtoto. Akanipokea vizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 ulipofutwa ukarudiwa Machi 2016, mambo yale yakaanza upya, unakumbuka mwenyewe, ulikuwa skuli. Duka hili usinunue, gari ile usipande. Wakaja watu kwangu kuniambia maziko ya fulani haendi mtu. Nikaenda. Tulikuwa wachache tena, na safari hii nilibeba mpaka bega likavimba. Wateja waliopungua dukani wengine hawajarudi hadi leo.

Mimi na ami yako tunabishana kila siku ya Mungu, usidhani tumeacha. Alasiri barazani tunapandisha mpaka mishipa ya shingo inatoka. Lakini barazani muuza kahawa anapita anagonga vikombe vyake, mtu anatia kashata mdomoni, hapo hapo kimya cha lazima. Unamwona mwenzako kanzu imechakaa kwenye kola, unakumbuka juzi alikesha na mgonjwa, neno ulilokuwa umelinoa unalimeza pamoja na kahawa. Ami yako akikasirika huwa anachukua viatu anaondoka, na kesho yuko pale pale, kwa sababu kahawa iko pale pale. Wewe uliandika peke yako chumbani, umetoka kazini umechoka, watu 14 wanakupigia makofi ambao huwaoni na hawakuoni. Na kioo kikapigwa picha. Jumamosi asubuhi nimekwenda sokoni kununua changu, muuza samaki ananiuliza mbele ya watu: "Mzee, hiyo pilau ilikuwa ya kuku au ya ng'ombe?" Nilicheka, nitafanyaje. Ami yako alikuwa hatua nne nyuma yangu.

Kundi lile, nikukumbushe kwa kuwa wengi mmesahau, halikufunguliwa kwa ajili ya siasa. Lilifunguliwa kwa ajili ya macho ya bibi yako. Orodha ya michango imesimama kwenye jina la 22, na mwenye daftari ndiye aliyetoka. Wengine wameshaanza kuuliza pesa ziko wapi, kwa lugha ambayo siipendi. Ziko pale zilipo: Jumatatu alikuja alfajiri na gari, akampakia bibi yako, akampeleka kliniki, akalipa, akamrudisha, risiti akazichomeka chini ya sahani mezani kwangu. Kwangu hakuingia.

Nimezungumza na binamu zako, kila mmoja ana shauri. Mmoja anataka akurejeshee ami kwenye kundi kwa nguvu, nimemkataza. Mwingine anasema uandike samahani palepale ulipotukania, wote waione. Hilo lina haki yake, na ninadhani utalifanya, lakini lisiwe la kwanza. Na usije ukaandika ile ya "samahani kama nimekukwaza." Hiyo "kama" nimeiona sana kwa wanasiasa.

Mpigie simu. Usimtumie sauti ya kurikodi akaisikiliza jikoni mbele ya mkewe. Piga, asikie unavyopumua. Mwambie ile T umeiona. Akianza kukusomesha, mwache akusomeshe, anapenda. Mkimaliza, ukitaka kumrudia kwenye daftari la wapiga kura, mrudie, nami nitafurahi kusikia amejibu nini, maana mimi nimemuuliza mara mbili anakwepa.

Simu yake asubuhi huwa anaiacha dukani kwangu kwenye chaji, anaichukua baada ya swala ya alasiri. Siku hizi anamtuma mtoto kuichukua, lakini saa ni ile ile. Kwenu itakuwa inakaribia saa kumi na moja na nusu. Asipopokea, usiandike. Piga tena.

Baba yako