Feloshipu za afya ya kimataifa ziwafikie pia wanafunzi wetu wa udaktari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wanafunzi wa udaktari huniuliza kila mwaka, nalo ni namna ya kuomba feloshipu za afya ya kimataifa, yaani ufadhili unaomwezesha kijana kufanya utafiti wa magonjwa kwa miezi kadhaa au mwaka mzima akiwa na wasimamizi kutoka nchi mbili. Nafundisha tiba na nimewasimamia vijana wa namna hiyo, wageni kwa wenyeji. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba utafiti huu unafanyika katika wodi ambazo wanafunzi wetu wanasomea, lakini wao wenyewe, wakiwa bado wanafunzi, mara nyingi hawaruhusiwi hata kutuma maombi.

Chukua mfano wa Kituo cha Kimataifa cha Fogarty, kilichoanzishwa mwaka 1968 ndani ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Tangu mwaka 2012 kituo hicho kimekuwa kikitoa fedha kwa makundi ya vyuo vikuu vya Marekani, navyo vikawachagua vijana wa kwenda kufanya utafiti katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa wenyeji wao wamo wenzetu wa Moshi, Mwanza, Dar es Salaam, Eldoret na Kisumu. Katika utaratibu huo, mwanafunzi wa udaktari wa Marekani anaweza kuomba akiwa bado masomoni, ilhali kijana wa nchi mwenyeji hutakiwa awe amekwisha kuhitimu. Kwa hiyo wanafunzi wawili wanaolingana kwa umri na elimu huweza kukutana kando ya kitanda kimoja cha mgonjwa, mmoja akiwa mtafiti anayelipwa posho, mwingine akimtafsiria maelezo ya mgonjwa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mpango uliotangulia, ulioanza kupokea vijana mwaka 2004, ulimwoanisha kila Mmarekani na mwenzake wa nchi mwenyeji, wakafanya kazi mwaka mzima katika kituo kimoja. Wa huku waliitwa pacha wa wale wa kule, na jina hilo liliwastahili, kwa kuwa walijifunza pamoja na hakuna aliyekuwa mkalimani wa mwenzake. Mabadiliko yaliyofuata yana faida zake, hasa kwa madaktari wetu waliohitimu, ambao sasa wanapata msaada mzuri kuliko zamani. Hata hivyo, nafasi ya mwanafunzi iliachwa nyuma, nami naamini hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye makaratasi.

Nasema hivyo kwa sababu maswali bora ya utafiti huzaliwa kwa mtu anayewafahamu wagonjwa. Mwaka 2007 na 2008, katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali walipimwa kwa kina kuliko kawaida, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Madaktari walikuwa wamedhani kwamba wagonjwa zaidi ya nusu walikuwa na malaria, kumbe malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu. Baadhi ya waliobaki walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, au magonjwa yatokayo kwa wanyama kama leptospirosisi, brusela na homa ya Q. Sasa fikiria mwanafunzi aliyekulia katika boma la wafugaji, anayejua nani huwazalisha mbuzi kwa mikono mitupu, nani hunywa maziwa mabichi na watoto hulala umbali gani kutoka kwenye zizi. Mtu kama huyo ana maswali ya kuuliza ambayo mgeni, hata akiwa na akili nyingi namna gani, angehitaji mwaka mzima kuyafikia, na wakati huo muda wake wa feloshipu ungekuwa umekwisha.

Wanafunzi wetu nao wana kazi ya kufanya, kwa sababu nafasi chache zilizopo, zikiwemo za kubadilishana wanafunzi, wanazipoteza kwa maombi dhaifu. Maombi mengi niliyoyasoma huanza kwa kueleza jinsi mwombaji anavyoipenda jamii yake na jinsi ugonjwa wa ndugu ulivyomfanya achague udaktari. Siubezi moyo huo, lakini anayesoma maombi hayo anatafuta kitu kingine: swali moja lililo wazi, wagonjwa watakaosaidia kulijibu, wodi au kliniki watakakopatikana, maabara itakayopima sampuli, na sababu za kuamini kwamba kazi hiyo inaweza kumalizika ndani ya muda uliotolewa. Mwanafunzi aliyewahi kupitia mafaili ya wagonjwa kwa ajili ya utafiti wa mwalimu wake aeleze bayana alifanya nini na alijifunza nini, kwani hilo lina uzito kuliko orodha ndefu ya semina alizohudhuria.

Msimamizi atafutwe kabla ya kuandika chochote. Ninaletewa maandiko yaliyokwisha kukamilika, yakiwa na jina langu kama msimamizi, wakati muda wa kutuma umebaki siku mbili, na andiko la namna hiyo siwezi kulitetea. Barua ya mdhamini nayo huwa na nguvu pale tu mdhamini alipopewa andiko mapema, akalikosoa na kuona mwombaji alivyolirekebisha. Kuhusu kibali cha maadili, mwombaji ajue kwamba maombi hupitia kamati ya chuo au hospitali, na tafiti nyingi hulazimika pia kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR. Mambo hayo huchukua miezi, na ratiba isiyoyataja humwonyesha msomaji kwamba mwandishi hajawahi kufanya utafiti hapa.

Lawama nyingine inatuangukia sisi wa vyuoni. Shahada ya udaktari nchini ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na katika ratiba hiyo ni vigumu kupata mwaka wa utafiti. Mwanafunzi anayetaka kusimamisha masomo kwa sababu nzuri kama hii huhangaikia mkopo wake, chumba chake na nafasi yake darasani, na hakuna anayempa jibu la maandishi. Mwenzake wa Marekani huomba likizo ya utafiti, akarudi darasani bila kupoteza chochote. Likizo ya namna hiyo inaweza kuwekwa katika kanuni zetu, na Bodi ya Mikopo ikaombwa itamke mapema mkopo utakuwaje.

Mwaka 2010 kikundi cha wataalamu kilichapisha miongozo ya maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa, na mmoja wa walioiongoza kazi hiyo, Dkt. John Crump, alikuwa akifanya utafiti hapa hapa Moshi. Miongozo hiyo inataka manufaa yagawanywe kwa haki baina ya wanaotuma vijana na wanaowapokea. Eldoret nchini Kenya wameonyesha kwamba jambo hilo linawezekana: katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, wanafunzi wa Marekani huja Eldoret na baadhi ya wanafunzi wa Moi huenda Indianapolis.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vyetu, kila wanapotia saini au kuhuisha mkataba na chuo cha nje, wadai mambo matatu yaandikwe humo: kila mwanafunzi mgeni anayekuja kufanya utafiti awe na mwenzake mwanafunzi wa hapa, mwenzake huyo alipwe posho, na jina lake liwemo kati ya waandishi wa makala ikiwa ameshiriki kazi. Mkataba unaohuishwa mwaka huu bila vipengele hivyo utatufunga kwa miaka mingine mingi, na wanafunzi walio darasani leo watakuwa wamekwisha kuhitimu.

Mhadhiri wa tiba,
Moshi