Msihesabu paneli tu, ulizeni betri zitanunuliwa na nani

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu visiwa vidogo vinavyoachana na dizeli, nikampa na jirani yangu akaisoma. Imeandikwa vizuri na picha zinapendeza: paneli zimepangwa safu kwa safu, bahari nyuma yake, watoto wanacheka. Ila mimi nimeendesha jenereta ya kisiwa kwa miaka 18, na mtu wa kazi hiyo akiona picha ya paneli hutafuta kile ambacho hakimo pichani. Chumba cha betri kiko wapi, na ufunguo wake anao nani?

Nisieleweke vibaya, siitetei dizeli. Dizeli ya kisiwani huja na mashua, imo kwenye mapipa, nayo hushushwa kwa kuviringishwa juu ya mbao na wanaume wanne wanaogombana. Bahari ikichafuka wiki nzima, kisiwa kizima kinahesabu lita. Nilikuwa nalala sikio moja liko nje. Jenereta ikibadili mlio tu, nimeshavaa viatu kabla taa hazijafifia. Usiku wa manane, watu wakishalala na mzigo wa umeme umebaki friji chache, mashine inaanza kukohoa, kwa sababu jenereta kubwa haipendi mzigo mwepesi: mafuta hayaungui yote, ekzosi inalowa oili nyeusi. Kwa hiyo anayesema dizeli iondoke, mimi namuunga mkono kwa mikono miwili.

Makala yenu ilikipa kisiwa cha Eigg, huko Uskoti, sentensi moja. Mimi ningekipa ukurasa. Mwaka 1997 wakazi wake, ambao hawakufika hata 100, walifanikiwa kukitoa kisiwa chao mikononi mwa mmiliki binafsi na kukiweka chini ya mfuko wa jamii. Umeme wa pamoja hawakuwa nao. Nyumba nyingi ziliishi kwa jenereta zao wenyewe, zikiunguruma nyuma ya banda. Tarehe 1 Februari 2008 wakawasha mtandao wao, wenye mitambo mitatu ya kufua umeme kwa maji, mitambo minne midogo ya upepo, paneli za jua, betri, na kama kilomita 11 za nyaya zilizofukiwa ardhini. Kampuni inayouendesha ni mali ya mfuko wao wa jamii, na wanaoutunza ni watu wa hapo hapo waliopewa mafunzo. Jenereta za dizeli zipo bado, ila hukaa kando zikingoja siku za shida.

Mambo hayo yote mnaweza kuyapata popote. Kilichonifurahisha mimi ni kikomo. Kila nyumba kisiwani Eigg inaruhusiwa kutumia kilowati 5 kwa wakati mmoja, na biashara kilowati 10. Basi. Uwe na nyumba kubwa au ndogo, 5 ni 5. Ukishawasha oveni na mashine ya kufulia inachemsha maji yake, birika la umeme lisubiri zamu. Ukilichomeka tu, nyumba nzima giza, na umeme haurudi mpaka umpigie simu mhudumu aje auwashe. Mhudumu mwenyewe ni jirani yako, mtakutana naye kesho gatini. Nadhani aibu ya kumwita mara mbili ndani ya wiki moja inafundisha kuliko semina yoyote ya matumizi bora ya nishati.

Msomaji asiye fundi ataona ni ubahili. Ngoja nieleze. Ukubwa wa mtambo wa kisiwa hauamuliwi na umeme unaotumika kutwa nzima. Unaamuliwa na ile nusu saa ya jioni ambapo kila mtu amerudi nyumbani na kila mtu amechomeka kitu. Kwenye gridi kubwa ya taifa nusu saa hiyo humezwa, maana watu ni mamilioni na hawawashi vitu kwa sekunde ile ile. Kisiwani mko nyumba 40 tu. Nyumba 10 zikichemsha maji pamoja, mtambo unahisi. Sasa ama ununue mitambo na betri za kukidhi nusu saa hiyo, vifaa ambavyo vitakaa bure muda mwingine wote, ama mkae chini mkubaliane kupokezana. Watu wa Eigg walikubaliana kupokezana. Na mvua na upepo vikileta umeme kupita mahitaji, ziada haitupwi. Hupelekwa kupasha joto majengo ya umma, ukumbi wa jamii ukiwemo. Mtu aliyenyimwa birika jioni anaota moto huo kwenye mkutano wa kisiwa.

Samsø ya Denmark, ambayo nayo mliisifu, ni habari nyingine na hapo nina neno. Ni kweli ilishinda shindano la serikali mwaka 1997 ili iwe kisiwa cha mfano cha nishati jadidifu. Ni kweli pia kwamba watu wake, kama 4,000, walisimamisha mitambo 11 ya upepo nchi kavu, kisha 10 baharini, na kwamba mingi ya ile ya nchi kavu ni mali ya wakulima wenyewe huku mingine ikimilikiwa kwa hisa za wanakijiji. Aliyewashawishi, Søren Hermansen, alikuwa mwalimu na mtoto wa mkulima wa hapo hapo, na nina hakika mgeni mwenye suti asingefika mbali. Nyumba nyingi hupashwa joto kwa mitambo inayochoma majani makavu ya ngano, ambayo zamani yalikuwa mabaki tu ya shambani.

Lakini mliandika kwamba kisiwa hicho "kimejitegemea kabisa". Hapana. Samsø imeunganishwa na bara kwa waya wa chini ya bahari. Upepo ukivuma sana inauza, ukitulia inanunua, na mwisho wa mwaka hesabu inatoka kwamba imetoa zaidi ya ilichotumia. Ile mitambo 10 ya baharini iliwekwa mahsusi kufidia mafuta ya magari na feri, ambayo yaliendelea kuchomwa. Ni hesabu halali, wala siwakebehi. Ila msomaji wa kisiwa kisicho na waya akidhani anaweza kuiga Samsø jinsi ilivyo, mmempoteza.

Asiye na waya akaiangalie El Hierro, katika Visiwa vya Kanari vya Hispania, yenye watu kama 11,000. Mwaka 2014 walizindua mtambo unaounganisha upepo na maji. Upepo ukizidi mahitaji, umeme wa ziada husukuma maji kutoka bwawa la chini hadi kwenye kreta ya volkano iliyolala huko juu, na upepo ukitulia maji huachiwa yashuke kwa mabomba yafue umeme. Akili ya aina hiyo navua kofia. Kiangazi cha 2019 walikwenda siku 24 mfululizo bila dizeli, na magazeti mengi yaliandika siku hizo 24. Machache yaliandika kwamba kwa mwaka mzima upepo na maji vilitoa zaidi kidogo ya nusu tu ya umeme wa kisiwa. Nusu si haba hata kidogo, ni shehena nyingi za mafuta ambazo hazikuvuka bahari. Lakini mhudumu wa zamu anayejua kuwa dizeli itaitwa usiku wowote anahitaji vipuri, mafuta safi na mtu aliyelala sikio moja nje, kama mimi. Mkiandika "asilimia 100 bila dizeli" kila mahali, anayepanga bajeti atafuta kazi ya mtu huyo kabla ya wakati.

Sasa turudi kwenye chumba cha betri. Kisiwani kwetu uliwahi kuja mradi wa sola. Sitautaja ulikuwa wa nani. Wageni walikuja, utepe ukakatwa, na mimi nikaambiwa niizime jenereta mbele ya kamera, nikaizima. Betri zilikuwa za asidi, zikafungiwa kwenye chumba cha bati kisicho na dirisha, kufuli likawekwa, ufunguo ukavuka bahari na mkandarasi. Betri ya aina hiyo inataka uiangalie maji yake, uisafishe vichwa vyake vinapoota ule unga wa kijani, usiikamue mpaka tone la mwisho, na zaidi ya yote usiipike. Joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu. Zetu zilipikwa. Mwaka wa nne nilikata kufuli kwa msumeno. Zilikuwa zimevimba ubavuni kama madumu yaliyoachwa juani, na sakafu imeliwa na asidi. Juu ya paa paneli zilikuwa zinameta, nzima kabisa, kama za kwenye picha yenu. Nikaenda kuiwasha jenereta.

Ndiyo maana nikisoma kwamba Tokelau, visiwa vitatu vya New Zealand vyenye watu kama 1,500, mwaka 2012 viliwekewa paneli 4,032, jicho langu linakwenda kwenye betri 1,344 zilizokuja nazo. Kwa kila paneli tatu, betri moja, na kila moja ina siku yake ya kufa inayojulikana tangu inatoka kiwandani. Kisiwa cha Ta'u, Samoa ya Marekani, kilipata za lithiamu mwaka 2016, zenye uwezo wa kukibeba siku tatu bila jua. Hizo hazidai maji na huishi muda mrefu zaidi, lakini nazo zitaisha, na bei yake haitachangwa kwa kupitisha kofia mkutanoni. Lazima itoke kidogo kidogo kwenye malipo ya umeme ya kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza, wakati betri bado zinanukia upya na kila mtu anaona anaonewa kulipia kitu kisichoharibika.

Mhariri, naomba mwandishi wenu arudi kwenye visiwa hivyo baada ya miaka mitano. Akifika aombe daftari la fedha za betri, kisha aombe afunguliwe chumba. Kama wanahangaika kumtafuta mwenye ufunguo, aandike hivyo hivyo.

Mwendesha jenereta mstaafu