Barua ya wazi kwa Ofisa Mifugo wa Wilaya: tulichanja, mbona ng'ombe wanachechemea?

Ndugu Ofisa Mifugo,

Mbukwa. Sisi hatujambo; wenye jambo ni ng'ombe.

Mvua za kupandia zimeanza huku Dodoma na maksai wangu wanne wamelala zizini, kwato zimechubuka, udenda unawachuruzika. Wenzangu wameshapanda uwele. Mimi nashinda nikiwaosha midomo kwa maji ya magadi. Juzi alfajiri amekufa ndama wa pili.

Mwezi wa tisa ulisimama chini ya mbuyu ukatuambia tukishachanja dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo tutalala usingizi. Tukalipa, tukaswaga ng'ombe wote. Usingizi wenyewe ndio huu.

Mtaalamu wako wa kata ananilaumu kwamba nimechanja mara moja tu. Ni kweli. Dozi ya pili hufuata baada ya wiki 3 au 4, nasi tuliambiwa gari litarudi. Labda lilikosa mafuta, ingawa siku za ziara za wakubwa mafuta hupatikana. Chupa zile nazo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Tuliziona juu ya boneti, jua la saa saba, barafu imeshakuwa maji ya kunawa. Sisemi ndiyo sababu. Nasema niliona.

Linaloninyima raha zaidi ni hili. Kirusi hiki kina aina 7, na hapa Tanzania zimeshaonekana O, A, SAT 1 na SAT 2. Chanjo ya aina moja haimkingi ng'ombe na nyingine. Sasa walichomwa ya aina gani, na iliyoingia zizini ni ipi? Nimeuliza mara tatu, nikaambiwa nisubiri. Huku ng'ombe wageni wanatoka mnadani kila wiki, na lambo la kunywea ni hilo hilo moja.

Nilitaka kuomba dozi ya pili, na barafu, na karantini. Lakini orodha ikirefuka itaishia kwenye faili. Naomba moja tu: mtu aje achukue sampuli. Malengelenge mabichi ndiyo yenye kirusi kingi. Yakishapona, kazi inakuwa ngumu. Mtamba wangu mwekundu ameanza jana, na leo bado anayo ulimini.

Pikipiki ya mtaalamu ikikosa mafuta, nitayalipia mimi.

Mfugaji aliyechanja,
Dodoma